Utepe wa Shaba Uliobaki Sandukuni

Nilikuwa fundi umeme wa kinu cha mpunga pale Kindu, na mpaka leo nikiona kabati la umeme lililopakwa kijani, hasira hunipanda.

Mkubwa mmoja wa chama alikuwa anakuja kututembelea. Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima isiyo na malipo, wafanyakazi wote walipewa brashi, wakapaka kijani kila kilichosimama. Hata kabati jipya la chuma, nililotaka kuliunga ubavuni mwa la zamani, walilipaka pande zote hadi kwenye matundu ya bolti. La zamani vilevile.

Sasa, kabati la zamani peke yake ndilo lilikuwa na waya wa kushuka ardhini. Jipya lilipaswa kuutegemea waya huohuo, chuma kikigusa chuma, na rangi haipitishi umeme. Jumatatu nikashika tupa, nikaanza kukwangua. Shefu, mkuu wa kinu, akanikuta, akaniita mwananchi kwa lile neno la chama.

"Sitwayen, ile rangi njo ya chama. Nani alikutuma kuikwangua?"

"Shefu, chuma lazima iguse chuma. Kama hapana, ile ya mupya itaua muntu."

"Umeme iko na macho ya kuona rangi?"

Watu wakacheka. Akaniamuru nipake upya nilipokwangua, huku naimba wimbo wa chama mbele yao wote. Niliimba.

Sandukuni mwangu mlikuwa na utepe wa shaba. Ningeweza kuyaunganisha makabati kwa nyuma, kwa kukwangua sehemu mbili ndogo kama ukucha, na hakuna ambaye angeona. Kazi ya dakika kumi. Nilikaza bolti juu ya rangi, utepe nikaurudisha sandukuni. Shefu alikuwa na mazoea ya kuegemea makabati akizungumza. Nilisema moyoni, cha kumpata na kimpate. Ndiyo, nilitaka kimpate.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wanasema. Si siku zote. Aliyeingia ni mama mfagiaji, aliyenigawia sombe yake, mboga ya majani ya muhogo, kila mchana na kuniita mutoto yangu. Asubuhi ya ugeni alitumwa apanguse makabati yang'ae. Ndani ya lile jipya, mtetemo wa kinu ulikuwa umeshachuna waya wa umeme kwenye ukingo wa chuma, na kabati zima likashika umeme. Kitambaa chake kilikuwa kimelowa. Mkono mmoja ulishika kabati la zamani, mwingine ukapangusa jipya. Kiungo nilichokataa kukiweka, akawa yeye.

Walimfunika magunia, wakamsogeza nyuma ya shehena ya mpunga iliyotoka Kibombo, kwa sababu mgeni alikuwa ameshafika mlangoni. Tukamchezea mgeni ngoma za chama, na mimi nilicheza.

Jioni alikuja binti yake kuuliza mama yake alikufaje. Shefu akanitazama. Nikamwambia yule binti kwamba mama alishika umeme na mikono yenye maji.

"Nilikuwa nimemukataza," nikaongeza.

Binti akainamisha kichwa, akaniomba msamaha kwa niaba ya mama yake.