Matabishi ya Pikipiki

Baba yangu aliipenda pikipiki yake kupita kiasi, nami niliichukia. Ilikuwa kubwa, kiti chini, usukani mpana, nikeli yake inang'aa kuliko sufuria zote za mama. Aliipanda Jumapili tu, kwenda kanisani na kurudi. Mvua ikitisha, alishuka akaisukuma. Mtaa wetu wa Ruashi, hapa Lubumbashi, uliicheka, ukaiita Shemasi.

Kisha kiwanda alichofanyia kazi baba kikafungwa, mishahara ikakoma, na pesa ikawa haina maana: asubuhi inanunua mkate, jioni haitoshi kibiriti. Baba akakata shauri kuiuza kwa magunia ya mahindi, mama auze unga. Ikishindikana, tungehamia kijijini kwa babu, nami shule basi.

Wanunuzi walikuja, wakatazama mita ya kilomita, wakacheka. Kwetu kila muuzaji husema chombo chake hakijatembea, na kila mita imerudishwa nyuma. Baba aliapa. Aliapa mno, maskini, na kadiri alivyoapa ndivyo walivyomwona mwongo.

Wa mwisho alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, mtu wa maneno machache. Aliigonga mita kwa kidole. "Papa, hii compteur mulirudisha."

Jirani yetu, mama mmoja mwenye mdomo, alikuwa anapita na ndoo ya maji. "Ile? Shemasi? Inaendaka tu ku kanisa! Kama mvua inakuya, yeye njo anaibeba!" Watoto wakaangua kicheko, mafundi wa kando ya barabara nao wakaongeza yao. Baba aliinamisha kichwa kwa aibu. Mgeni alisikiliza yote, kisha akasema, "Sasa ninaamini."

Magunia yakashushwa. Hapo mgeni akadai matabishi, ile nyongeza ambayo Lubumbashi hakuna anayenunua hata nyanya bila kuidai. Baba akatoa pampu. Yule bwana akakataa, akamsogelea, akanong'ona, lakini nilimsikia: "Sijue kuendesha. Unifundishe, papa."

Baba alicheka hadi akashika mbavu. Wakaondoka wote wawili, wakiyumba, kuelekea barabara ya Kasumbalesa, mbali kuliko alivyowahi kwenda nayo. Baba alirudi kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, akisema amepata mwanafunzi wa pili, mdogo wake yule bwana, atakayemlipa mafuta ya kupikia. Mimi na mama tulikuwa tunachambua mahindi. Baba akanitazama.

"Na weye? Kesho iko masomo. Enda ufule nguo ya masomo."

Niliifua nikilia kwa furaha, na sikuona haya.