Maneno Niliyosema ili Vigingi Visimame

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa meza isiyo na droo, na mkubwa ambaye hakuniambia nikae. Ofisi yetu ilikuwa orofani, mjini Eldoret, juu ya duka la vyuma la tajiri mmoja Msomali, na mchana kutwa tulisikia mabati yakipakuliwa chini. Mkubwa huyo tulimwita Mratibu Mkuu. Jina lake halitawafaidi kitu. Alivaa suti ya kijivu na beji ya chama kifuani, na hakupenda kurudia neno. Aliniuliza swali moja tu, kama najua kuongea na watu wa mashamba. Nikasema najua, mimi ni mtoto wa Moiben. Akasema basi, kazi umepata.

Mkisikia mratibu msidhani ni mtu wa kushika spana. Mradi ulikuwa wa bomba kuu la maji, kutoka mto wa milimani, kupita mashamba ya upande wa Moiben, hadi matangi ya mji. Ulijengwa kwa mkopo wa ng'ambo, na wakopeshaji wa namna ile wana masharti. Mpaka yote yatimizwe, hakuna tingatinga linalowashwa. Yetu ilikuwa kazi ya kabla ya kazi: kukimbia kati ya wapima ardhi, chifu, na mhandisi mshauri, Mzungu aliyekaa hotelini akingoja karatasi zetu. Nyinyi mnatuma kila kitu kwa simu. Mimi nilibeba faili kwa pikipiki kwenye matope ya Aprili, na ukianguka unaanguka na faili.

Sharti lililotutoa jasho lilikuwa la ukanda wa bomba, yaani njia ya kutosha trekta mbili kupishana, ambayo lazima iwe wazi bila nyumba hata moja. Tulipita tukaandika kila boma lililokuwa ndani yake. Siku tuliyomaliza kuandika ndiyo siku orodha ilipofungwa. Aliyeandikwa angehamishwa na kujengewa kwingine. Atakayejenga baadaye hapati hata msumari. Kisha wapima ardhi wakapigilia vigingi katikati ya ukanda, vya mbao, vichwa vimepakwa rangi nyekundu.

Wiki haikwisha, vigingi vikaanza kung'oka. Wengine walivitaka vya kufungia ndama. Wengi waliogopa tu, maana walijua mtu wa serikali akipigilia kitu shambani mwako, shamba hilo umeanza kulipoteza. Siwalaumu. Wapima wakarudi, wakapima upya, vikang'olewa tena. Na ujumbe wa wakopeshaji ulikuwa njiani kuja kuikagua hiyo njia.

Mratibu Mkuu akaniita.

"Wewe si ulisema unajua kuongea? Nenda barazani. Vigingi visimame."

Nikamuuliza niwaambie nini hasa.

"Hiyo ni kazi yako. Mimi sitaki kujua."

Barazani Chifu alianza kwa sala na salamu za chama, halafu akaonya kwamba anayeng'oa kigingi ni mpinga maendeleo. Siku hizo neno hilo lilikuwa na meno. Mtu akiitwa hivyo Ijumaa, Jumatatu haonekani sokoni, na jirani zake hawaulizi yuko wapi. Watu wakatazama viatu vyao. Nikasimama mimi, nikawasalimu kwa lugha ya nyumbani, nikawatania wazee kidogo mpaka wakacheka. Kisha nikasema kile kigingi chekundu ni maji. Nikasema aliye karibu na kigingi ndiye atakayekuwa karibu na maji. Akina mama wakapiga makofi.

Ulikuwa uongo mtupu, nami nilijua. Bomba kuu halitobolewi njiani. Maji yote yalikuwa ya mji, na kwenye ramani hapakuwa na mfereji hata mmoja kwa ajili ya watu wale. Lakini vigingi vilisimama. Mratibu Mkuu akanipa mkono mbele ya ofisi nzima, nami nikajiona kidume.

Miezi miwili baadaye nilitumwa kuutembea ukanda kwa mara ya mwisho, na orodha mkononi, kabla ya kuandika barua ya kusema njia iko wazi. Bila barua hiyo mradi haungeanza. Nilifika kwenye shamba la Mama Rael, mjane aliyenijua tangu nikiwa mtoto, maana alipakana na mjomba wangu. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mteremko, mbali kabisa na ukanda, kwa hiyo hakuwa kwenye orodha. Siku hiyo nilikuta nyumba mpya, udongo wa kuta haujakauka, imejengwa hatua tatu kutoka kwenye kigingi. Kigingi chenyewe alikuwa amekizungushia matawi ya miiba ng'ombe wasikiangushe.

Nikamuuliza nyumba ya zamani iko wapi. Akasema ameibomoa, mabati na miti ndivyo hivi ninavyoviona. Nyonga yake ilikuwa mbovu, kupanda na debe kutoka mtoni kulikuwa kunamuua.

"Kigingi chako kiko salama, kijana yangu," akaniambia. "Na mimi nimekuja karibu, vile ulisema."

Nilirudi Eldoret bila kunywa hata chai yake. Nilimwomba Mratibu Mkuu tuongeze jina moja kwenye orodha, au mhandisi alipindishe bomba kidogo. Hakunyanyua kichwa.

"Orodha imefungwa. Ukiifungua kwa mmoja, ujumbe utauliza kwa nini watu wanahamia kwa ukanda. Utauliza ni nani aliwaambia." Hapo ndipo aliponitazama. "Ni nani aliwaambia?"

Nikaikunja orodha yangu. Nilikuwa na mke na watoto wawili, na nilijua mtu aliyechelewesha mradi wa serikali miaka ile aliishia wapi. Hizo ni sababu za kweli, lakini nilikuwa nazo kabla hajamaliza kusema, zimejipanga. Nikaandika barua. Njia iko wazi, nikatia saini.

Tingatinga lilipofika Chifu alikuja na askari wawili, hawakuhitajika. Mama Rael alitoa sufuria zake, godoro na kuku mmoja. Hakulia wala hakuniangalia. Kabla dereva hajasogea, aliiondoa ile miiba kwa mikono yake mwenyewe, asije mtu akachomwa. Kuta zililala mara moja kwa sababu zilikuwa bado mbichi. Akahamia jikoni kwa shemeji yake. Wageni walipiga picha, mkopo ukafunguliwa, maji yakafika mjini. Nami nikapandishwa cheo. Kila penye mradi mpya, hadi mji wa Moi's Bridge, ilisemwa mtumeni yule, anajua kuongea na watu.

Niliongea na watu mpaka nikastaafu. Wenzangu wakistaafu huhesabu barabara na madaraja waliyoacha. Mimi nikijaribu kuhesabu nafika kwenye ile nyumba nakwama, na nawaambia nyinyi mnaoshika kazi hizi leo: maneno ya baraza ni sehemu ya ujenzi, nayo yanaangukia watu. Wataalamu hawalipimi hilo.

Mwezi niliostaafu nilikwenda kwa Mama Rael kumwambia ukweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Nilimkuta palepale jikoni kwa shemeji, amekonda, macho hayaoni vizuri, lakini sauti yangu aliitambua. Akawahi kusema yeye.

"Kijana yangu, nimengoja uje nikuombe msamaha. Wewe ulisema karibu na kigingi. Mimi kwa haraka ya maji nikajenga karibu sana, nikakuharibia kazi mbele ya wageni."

Miaka yote ile alikuwa amejilaumu kwa hatua zile tatu. Ningemweleza vipi kwamba hata angejenga mbali, maji hayakuwa yake? Hivyo ndivyo nilivyojiuliza, na mwoga hakosi swali la kujifichia.

"Haidhuru, Mama," nikamwambia. "Nilishasamehe."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Alikufa kabla ya mahindi kuvunwa mwaka huo, na kosa langu alikwenda nalo likiwa lake.