Bibi Aliyefagia Uwanja wa Fundi

Sogea karibu, ndugu yangu, nikueleze taratibu jinsi nilivyoanza kuwasemea wazee waliopotewa na kumbukumbu.

Nilikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wetu, pembezoni mwa Misunkumilo. Bibi mmoja, aliyekuja kutoka Burundi akiwa msichana, alikuwa akitoka kwa bintiye kila alfajiri na kwenda kufagia uwanja wa fundi cherehani. Si uwanja wote. Ni duara moja dogo nyuma ya nyumba. Alikuwa akizungumza na watu tusiowaona, kisha ananyamaza kama anayesikiliza jibu.

Kwetu, ukifagia kwa mtu bila kutumwa, unaondoka na baraka za mji wake. Mtoto wa fundi akashikwa na homa, watu wakasema bibi amemloga. Kikaitishwa kikao uwanjani hapo: bibi ahamishwe mtaa.

Nilieleza kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi. Jirani mmoja akaniuliza, "Mbona hafagii kwako, dada daktari?" Watu wakacheka. Binti wa bibi akainamisha kichwa. Hapo nikagundua nimemsemea bibi muda wote huo bila kumuuliza neno, naye amekaa ubavuni kwangu.

Nikachuchumaa, nikamuuliza anafagia nini. Akanishika kwa mkono wa baridi, akaniongoza hadi kwenye duara lake. Watu wakafuata. Akanitazama kama mtu anayenijua tangu zamani.

"Mwanangu, umechelewa kisimani. Moto umezimika."

Fundi akaleta jembe, akiwa na hakika atafukua hirizi. Jembe likagonga jiwe. Yalikuwa mafiga matatu, yamekaa sawasawa, na makaa katikati. Bibi akapiga magoti, akaanza kuyapuliza makaa. Mzee mmoja akasema polepole kwamba kabla viwanja havijapimwa, hapo palikuwa na nyumba ya udongo, na mama mwenye nyumba alikuwa huyu.

Kikao kilikwisha bila mtu kukifunga. Mtoto alipelekwa zahanati, akatibiwa malaria. Bibi hakuhamishwa. Tangu hapo, mzee akishtakiwa uchawi, mimi na akina mama wawili huenda kukaa naye kikaoni, na aanzaye kuulizwa ni yeye.

Ukimkuta mzee uwanjani kwako anaongea peke yake, usipige yowe. Mpe shikamoo, muulize anatafuta nini, kisha nyamaza mpaka ajibu.