Mzee Aliyesimama Mbele ya Swichi

Najua ukisikia mimi ni mtu wa Mikinduri, kunakolimwa miraa, utasema nilikuwa nimelewa miraa. Basi jua kwamba siku hiyo sikuwa nimetafuna hata kijiti kimoja, na ilikuwa Jumapili mchana, jua linawaka. Haya yalinitokea mimi mwenyewe, na kuna mwenzangu aliyeyaona pia.

Mimi ni fundi wa mashine katika kiwanda cha makadamia, upande wa Embu. Nimepanga chumba kimoja karibu na kazi. Mke na watoto wako nyumbani. Zamani kazi ilikuja kwa karatasi. Unaenda ofisini, unapewa kadi ya kazi, mnapiga gumzo kidogo, mtu anakuuliza umeamkaje. Kisha kabla hujagusa mashine unaitundika ile kadi kwenye msumari ulio juu ya swichi. Kadi ikiwa pale hakuna wa kuwasha, hata awe meneja. Aliyetufundisha hivyo ni fundi mkuu, Mzee Njeru, ambaye mashine ilimkata vidole viwili akiwa kijana.

Halafu zikaletwa tableti. Mwezi huohuo Mzee Njeru akafa, ni presha, na mimi ni mmoja wa waliobeba jeneza lake. Tangu hapo kadi hakuna, kazi inaingia kwa tableti, unaisoma, unaifanya, unaifunga kwa kubonyeza kwamba imekamilika. Unaweza kumaliza wiki nzima bila kuambiwa neno na mtu. Niamini, upweke wa namna hiyo sikuwahi kuujua.

Na sisi mafundi tulikuwa na ujanja wetu. Kazi ikichelewa, kwenye tableti ya meneja inaonekana nyekundu. Kwa hiyo tulikuwa tunaifunga kwanza, ndipo tunaifanya. Jumapili hiyo wengi walikuwa kanisani, nikatumiwa kazi ya mashine ya kupasua makadamia iliyokuwa imekwama. Nikabonyeza kwamba imekamilika, nikazima swichi, nikalala chini nyuma ya mashine na kuingiza mkono katikati ya rola za chuma, hadi begani.

Hapo nikasikia mtu akikohoa upande wa swichi. Kutoka pale chini niliona buti tu na miguu ya ovaroli ya kijani. Nikadhani ni mlinzi. Nilifurahi, sitakuficha. Nikaanza kumweleza habari za nyumbani, za kitinda mimba wangu ambaye siku hizi akiniona anajificha nyuma ya mama yake. Mara mbili nilisikia viatu vyepesi vikija na kurudi, sikujali. Yule wa buti alisema kitu kimoja tu: "Fanya pole pole. Mimi sina haraka." Sauti niliijua, lakini nani hufikiria mambo hayo mchana?

Baada ya nusu saa hivi nikatoa mkono, nikainuka. Hapakuwa na mtu ila Kawira, msichana mwendesha mashine aliyeajiriwa juzi juzi. Alikuwa mlangoni, amenuna.

"Fundi, yule mzee ameenda wapi?" akauliza. "Tableti imesema hii mashine iko tayari. Nimekuja kuwasha mara mbili, amesimama tu hapo kwa swichi. Nikimwashiria asonge, ananionyesha mkono. Hana vidole viwili."

Nikakaa sakafuni. Unaelewa? Kama angewasha, mkono wangu ungebaki mle ndani, na mimi mwenyewe labda nisingetoka. Nilipomwambia Kawira yule alikuwa nani, hakupiga kelele. Alichukua mkoba wake akaenda, na kazini hakurudi tena.

Mimi nimebaki. Meneja nilimweleza, akacheka, akaniambia nipumzike. Sifungi tena kazi ambayo sijaifanya. Lakini kuna jambo ambalo sijamwambia hata mke wangu: Jumapili moja moja huwa nalala tena nyuma ya mashine ile, imezimwa, sina cha kutengeneza, naongea tu. Hakuna anayekuja.

Kwa hiyo wewe unayefanya kazi na mashine, usiiamini tableti. Kabla hujaingiza mkono, mtafute mtu umwambie uko ndani. Awe mtu aliye hai, anayelijua jina lako. Mimi siku ile sikuwa na hata mmoja.