Mmanga Yumo?

Mwanangu hupeleka watalii Sur na Wadi Bani Khalid, na siku moja alirudi na swali badala ya samaki niliyemwagiza. Garini alikuwa na Wamarekani wawili na Mwingereza mmoja. Mwingereza akawaita wenzake Mayanki. Mmoja akacheka, mwengine, mtu wa kusini mwa nchi yao, akanuna njia nzima mpaka Ibra. Sasa mwanangu akataka kujua: Yanki ni tusi au si tusi? Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu niliyestaafu, mambo ya Wamarekani akawaulize wenyewe. Lakini niliteremsha sauti, maana bibi yake alikuwa amekaa pale pale sebuleni, na nyumbani kwetu majina wanayobandikwa watu hayazungumzwi ovyo.

Sisi tunayo yetu. Hapa Oman tunaitwa Wazinjibari, yaani watu wa Zanzibar, hata mimi niliyezaliwa hapa hapa, na Unguja nimefika mara moja tu. Jina hilo lilikuwa likinichoma. Nilipokuwa nikisomesha Nizwa, mzazi mmoja alimuulizia "yule mwalimu Mzinjibari" nami niko mbele ya macho yake, nikamjibu kwa Kiarabu kilichonyooka kuliko chake. Mama yangu aliposikia alinicheka. Yeye majirani walimwita hivyo miaka yote, akaitika, na mandazi akawapelekea. Wanajua nilikotoka, alikuwa akisema, kuna ubaya gani?

Jina alilolikataa ni la upande wa pili. Huko Unguja, Waarabu waliotoka Oman waliitwa Wamanga. Neno hilo likitajwa, mama aliinuka akaenda jikoni, na mgeni akajifunza kutolirudia. Hakupata kutueleza. Nilijua tu kwamba mwaka wa mapinduzi, yeye akiwa mtoto wa skuli, baba yake alitolewa nyumbani asirudi, na kaburi lake halijulikani mpaka leo. Jawabu nikajipa mwenyewe: Mmanga ni tusi, watu walitukanwa kwanza kisha wakauliwa. Ndivyo nilivyomfunza na mwanangu.

Miaka hii ya karibuni mama amekuwa akipotea. Mwili uko Ibra, mwenyewe yuko kwao. Siku nyengine mimi ni dada yake. Siku nyengine ananiuliza kwa nini mwadhini amechelewa, na ndiyo kwanza saa tatu za asubuhi. Lakini la kutisha zaidi ni mlango. Ukigongwa, anamkamata mkono aliye karibu naye, na vidole vyake vyembamba vile vina nguvu ambazo sijui anazitoa wapi. Mimi mwenyewe hofu hiyo imenishika. Nyumba yangu, mchana kweupe, naogopa mlango.

Mwezi wa Shaaban akaja mzee mmoja kutoka Unguja. Ni rika la mama, wamekua mtaa mmoja, na alikuwa amekuja Maskati kutibiwa macho. Akaomba aletwe Ibra amwone. Nilifurahi kweli, nilidhani sauti ya zamani itamrejesha. Nikaandaa kahawa, halua na tende, nikamvisha mama kanga mpya, nikajisemea mgeni njoo mwenyeji apone.

Yule mzee, masikini, alitaka kumfurahisha. Babu yangu alikuwa na duka mbele ya nyumba, na watoto wa mtaani wakitumwa sukari au mafuta ya taa walikuwa na namna yao ya kubisha. Basi alipofikishwa mlangoni, akamzuia mwanangu asifungue. Akagonga mwenyewe, akaita kwa uchangamfu:

"Hodi! Mmanga yumo?"

Mama akasimama. Kwa miezi hakuwa akisimama bila ya kushikwa. Akanisukuma nyuma ya kabati, akaniziba mdomo kwa kiganja, nikasikia harufu ya udi na ya dawa anayojichulia miguu. Kisha akaitika kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, nyembamba, sauti ya mtoto.

"Hayumo. Humu hamna Mmanga. Kasafiri."

Nikamsikia yule mzee huko nje akisema polepole kwamba vyema, bibi, watakuja siku nyengine. Alikuwa ameelewa kabla yangu. Baadaye mwanangu alinihadithia kwamba mzee alikaa garini akilia, akiapa kwamba kila mtu alibisha hivyo pale dukani, mama yake mzazi, hata imamu wa msikiti. Ndilo lilikuwa jina la mwenye duka. Hakuna aliyelisema kwa ubaya, na mwenyewe babu yangu alikuwa akiliitikia kwa kicheko.

Mama akaondoa kiganja mdomoni mwangu. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka shingoni. Nikamkalisha, nikampa maji, hakuyanywa.

"Amekwenda?"

"Amekwenda, mama."

"Khalas?"

"Khalas."

Akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani iliyopita nikajua ananiona mimi, si mtu mwengine. Akaniuliza kama leo amejibu vizuri. Nikamwambia amejibu vizuri sana. Alifikiri kidogo, akiikunjakunja ncha ya kanga yake mpya.

"Siku ile waliyomtoa baba nilisema yumo," akasema. "Nikaenda kumwita mwenyewe. Aliyegonga aliuliza kwa adabu, mwanangu. Aliuliza kama wateja wote."