Sarafu ya Mbithe Iliyotobolewa

Msimamizi, lifiche jina langu, lakini maneno yangu uyaache yalivyo. Mimi ni mama wa miaka sabini na minane, mwalimu mstaafu, na ninaishi karibu na Migwani.

Katika miaka ya sabini nilijifungua binti, mtoto wangu wa pekee. Kwetu Ukambani, binti wa kwanza wa kila mke hupewa jina la mama wa mume. Hivyo nikamwita Mbithe. Baba yangu alimletea sarafu ya shilingi tano yenye pembe tisa, ile iliyotolewa nchi ilipotimiza miaka kumi ya uhuru. Akaifunga kwa kitambaa, akaniambia, "Usiisugue kwa majivu, wala usiitoboe. Mpe siku atakapoolewa."

Niliihifadhi sandukuni kwa miaka mingi. Kisha mume wangu akaoa mke wa pili, naye akazaa binti, ambaye pia aliitwa Mbithe. Siku moja, nikiwa shuleni, mama mkwe alifungua sanduku langu, akaipeleka sarafu kwa fundi wa baiskeli katika soko la Tulia. Ikatobolewa, ikatiwa uzi, akamvisha yule mtoto mchanga shingoni.

Nikamwuliza, nikimwita mama kwa Kikamba, "Mwaitu, mbona umechukua kitu cha Mbithe?"

"Mbithe ni mimi," akajibu. "Nimempa ninayemtaka. Au umesahau jina hilo ni la nani?"

Wanawake waliokuwa wakipukuchua kunde wakacheka. Binti yangu akanyoosha mkono aiguse sarafu yake. Mama mkwe akaupiga mkono ule. "Wewe mwambie mama yako akuzalie ndugu kwanza, ndipo uje kudai!"

Mume wangu alikuwa hapo akinywa uji. Hakuinua kichwa.

Baada ya mavuno baba yangu alitutembelea, akaiona sarafu ikining'inia kwenye shingo ya mtoto mwingine. Aliacha chai yake mezani, akaenda zake. Binti yangu alipoolewa, sikuwa na chochote cha kumpa kutoka kwa babu yake.

Mwezi uliopita, Mbithe wa mke mwenzangu alikuja kwangu na sarafu hiyo. "Mwaitu," akasema, "tangu nipate akili nimejua si yangu. Mama alinikataza kuirudisha, na sasa tumemzika. Mpe dada." Akalia. Ninajua hana kosa, lakini sikumhurumia.

Nikampigia binti yangu simu. "Mama, siitaki," akasema. "Nikiiona nitauona ule mkono ukipigwa. Mrudishie, na asikanyage kwangu."

Jumapili tutakutana kanisani na yule aliyeileta. Kila juma huniuliza kama dada yake ameipokea, na kama amefurahi. Mimi humwambia angoje. Nishaurini, ninyi mnaosoma haya: Jumapili hii nimwambie nini?