Grisi Yangu ya Ulaya
Mwaka 1952, nikiwa na miaka ishirini, baba alikufa akaniachia pikapu mbovu, basi. Springi zilikuwa zimeganda kwa kutu. Nilizifungua mwenyewe uani, nikazisugua kwa mchanga, na kwa kuwa sikuwa na grisi, nikazipaka mafuta ya nguruwe. Nikaenda Kalenga kuposa.

Baba wa binti hakutaka mkwe asiye fundi. Nikajigamba, "Baba, springi zile nimezipaka grisi ya Ulaya!"

Mara mbwa wanne wakajipenyeza chini ya gari, wakaanza kulamba. Mzee akainama, akachovya kidole, akanusa.

"Kijana, hawa mbwa wangu wameijulia wapi Ulaya?"

Leo nina malori matatu, nyumba ya bati, ng'ombe kumi na mmoja na watoto saba, wote wajukuu wa mzee yule.